Mwana wa Mgema Anajibu: “Mkavu Vipi, na Ni Maji?”

Barua zimerundikana mezani tangu masika yaanze, na nyingi ni za mnazi, kama ilivyo kawaida ya safu hii. Moja ya mwezi huu imenigusa, nami nitaijibu kwa kirefu. Wengine watanisamehe wakipata jibu la kusimama mlangoni.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa samaki hapa Kisauni, nakaanga na kupaka. Wafaransa wawili, mke na mume, waliokodi nyumba upande wa Bamburi, walikuwa wakija kula kwangu karibu kila jioni. Siku ya kuondoka wakaniachia chupa mbili za mvinyo mweupe. Wakasema unatoka kwa mkulima mdogo wa kwao anayetengeneza kwa njia ya asili, na kwamba ni mkavu. Moja tuliifungua siku walipokuja wageni wa posa ya binti yangu. Ulikuwa na ukungu kama maji ya mchele, ukachoma ulimi kidogo kama soda iliyolala, na sukari hakuna hata ya kulamba. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi melini, akasema umechacha na kwamba nimepewa makombo. Niliona haya mbele ya wakwe. Ya pili iko chini ya kitanda. Niimwage? Na huo ukavu ni ukavu gani, mkavu vipi na ni maji? Nimenakili maneno ya kwenye chupa: Muscadet Sèvre et Maine, sur lie.*
Mama wa Samaki, Kisauni

Marahaba, mama, na hongera kwa posa. Usiimwage. Itoe chini ya kitanda sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, uilaze kwenye friji, rafu ya chini. Mengine tutayazungumza ikiwa inapoa.

Tuanze na ukavu, maana umenichekesha na haki ni yako. Neno hili tumelipokea kutoka kwa Wazungu pamoja na vumbi lake. Wakisema mvinyo ni mkavu, wana maana kwamba hamira imekula sukari ya zabibu ikaigeuza kileo, hata ulimi hausikii tena utamu. Kwa sheria za Ulaya, mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita huitwa mkavu, na unaweza kuruhusiwa hadi gramu 9 ikiwa uchachu wake ni mwingi. Lita moja ya soda unayowauzia watoto ina karibu gramu 100. Kwa hiyo walamba sukari waliokuja na posa walikuwa na haki ya kukunja uso.

Lakini sisi Pwani tuna neno bora zaidi, na tumelilalia: *kali*. Babangu alikuwa mgema huko Kaloleni. Alikwea alfajiri na jioni, kotama kiunoni, kibuyu ubavuni, akikata ncha ya karara kipande chembamba kama ukucha ili utomvu uendelee kutona. Tembo la alfajiri lilikuwa tamu. Likifika adhuhuri lilikuwa limeshaanza kusema. Jioni lilikuwa kali, na kesho yake mama aliliweka kando liwe siki. Hakuna aliyetia hamira humo. Hamira ilikuwamo kibuyuni, hewani, kwenye karara lenyewe. Sasa ichukue safari hiyohiyo, uifanye ya zabibu badala ya utomvu, iende kwa wiki badala ya saa, kwa sababu ya baridi ya kule. Mvinyo wako ulisimamishwa pale kwenye jioni. Ni tembo kali la zabibu, na shemeji yako alikuwa akingoja la alfajiri.

Umefanya jambo la maana kuninakilia karatasi ya chupa. Muscadet Sèvre et Maine ni mashamba yaliyo karibu na mji wa Nantes, kule mto Loire unakokaribia kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Sèvre na Maine ni mito midogo inayopita humo. Zabibu yenyewe inaitwa Melon de Bourgogne, wala haina udugu wowote na tikiti. Ilishika mizizi pale hasa baada ya baridi kuu ya mwaka 1709 iliyoua mizabibu mingi. Hii ilionekana kuvumilia. Wafanyabiashara wa Kiholanzi nao waliutaka, kwa sababu walitafuta mvinyo mweupe usio na makeke wa kwenda kuukeneka. Ndiyo maana wenye kujiona huko Ufaransa waliudharau kwa miaka mingi, wakauita wa kunywea chaza tu. Mimi sioni kasoro hapo. Mvinyo unaojua kukaa na chaza umeshamaliza kazi kubwa, na wewe ni mama wa samaki. Waliokupa hawakukosea nyumba.

Maneno ya mwisho, *sur lie*, ndiyo yaliyomkosesha shemeji njia. Maana yake ni “juu ya mashapo”. Hamira ikimaliza sukari hufa, ikazama chini na kutulia kama tope laini. Mahali pengi mvinyo huhamishwa upesi, ukaachana na mashapo yake. Huu wako umelala juu yake majira yote ya baridi, kisha ukatiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo, na sheria ya kwao inakataza kufanya hivyo kabla ya tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata mavuno. Mashapo huukinga mvinyo na hewa, huupa unono kidogo kama wa mkate, na hubakiza gesi ambayo haikupata pa kutokea. Huo ndio mchomo wa soda iliyolala. Hakuna aliyekupa makombo; ni pumzi ya mvinyo wenyewe.

Na ukungu? Mkulima hakuuchuja, basi. Viwanda husafisha mvinyo kwa udongo maalumu, kwa ute wa yai, hata kwa kibofu cha hewa cha samaki, kile watu wa Ziwa Victoria wanachokiita bondo. Ndiyo, mama, hao samaki wako wana kazi nyingi duniani. Mkulima wa asili huona kwamba kila kinachochujwa huondoka na kitu kingine, akauacha mvinyo na uso wake.

Nakuambia haya kwa sauti ya mtu aliyeungua. Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa mji, miaka mingi iliyopita, na nilikuwa nimekabidhiwa funguo za stoo ya mvinyo. Kijana wa Kigiriama mwenye tai nyeusi, hanisogelei mtu. Wageni wawili, wenyeji wa Nantes, wakaja na chupa yao wenyewe, wakaniomba niipoze kwa chakula cha usiku. Nilipoitoa kwenye barafu nikaiinua kwenye taa, nikaona chini chembechembe nyeupe zinazometameta. Vigae vya glasi, nikajiambia. Nikaenda nyuma, nikaimwaga yote kwenye sinki, nikarudi na chupa ya hoteli, bure, na tabasamu la kuokoa maisha ya watu.

Yule bwana hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe chupa. Akaigonga chini kwa kiganja, chembe mbili tatu zikamdondokea mkononi, akaweka moja katikati ya meno ya mbele akaivunja, *kru*, kama chumvi ya mawe. Akaninyooshea nyingine. Ilikuwa chachu kama ukwaju. Ni chumvi ya tindikali ya zabibu zenyewe. Mvinyo ukipozwa sana hujitenga na kuganda, haina madhara yoyote. Baada ya hapo mkewe ndiye aliyesema, kwa upole ulionikata maini, kwamba chupa ile aliitengeneza baba yake na hawakuwa na nyingine. Nilitamani kuingia kwenye ile ndoo ya barafu. Mimi niliyekulia kwenye tembo jeupe tepe, ambalo likiwa angavu ungemshuku mgema kulitia maji, nilimwaga mvinyo wa watu kwa sababu haukung’aa kama wa dukani!

Kwa hiyo shemeji yako nimemsamehe. Tena kuna nusu ya hoja anayo, nayo ni joto. Mkulima wa namna hii hutia salfaiti, dawa ya salfa ya kuhifadhi, kidogo sana au hatii kabisa, na salfaiti ndiyo mlinzi wa mvinyo safarini. Wengi wao hushauri chupa zao zisikae mahali panapozidi nyuzi 14. Chumba chako Kisauni mwezi wa Machi, kaskazi limelegea na bati linapasuka kwa jua, ni nyuzi 30 na ushei, na chini ya kitanda kusikudanganye kwa giza lake. Itazame chupa. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au shingo inanata kwa mvinyo uliovuja, joto limeshauandama. Kikiwa kimekaa mahali pake, una bahati. Usiuweke kwa ajili ya harusi. Uunywe mwezi huu.

Kuupoza, wewe unanishinda mimi, kwa sababu una kasha la barafu la samaki. Barafu, maji na konzi mbili za chumvi, chupa izame hadi shingoni, dakika 20 zinatosha. Unatakiwa uwe kwenye nyuzi 8 hadi 10 hivi. Ukiwa baridi kama barafu yenyewe hautasema neno. Usiutikise. Ukipenda ukungu, igeuze chupa taratibu mara moja kabla ya kufungua. Usipoupenda, isimamishe tangu asubuhi na umimine polepole, mashapo yabaki chini.

Na upikie nini? Changu wa kukaanga na ndimu. Kamba wa kuchoma. Pweza, akiwa hakupikwa hadi akawa raba. Ukipata chaza wabichi wa kutoka Kilifi, funga mlango na usiite mtu. Samaki wako wa kupaka pia watakaa vizuri, kwa kuwa ukali wa mvinyo hulikata tui, kinywa kikarudi kipya kwa tonge linalofuata. Ila punguza pilipili, maana kileo na uchachu huupalilia moto wake. Mahamri, kaimati, visheti, viweke mbali kabisa: kando ya kitu kitamu mvinyo mkavu huwa kama maji ya betri, na nina hakika siku ya posa sinia la visheti lilikuwa mezani. Hapo ndipo mlipokosea, si kwenye chupa.

*Mzee, rafiki yangu wa hotelini anasema mvinyo wa asili hauna kemikali hata moja na haumuumizi mtu kichwa hata akimaliza chupa peke yake. Ni kweli?*
Kijana wa Tudor

Si kweli, mwanangu, na mwambie rafiki yako anunue dawa ya kichwa mapema. Chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12 imebeba mililita 90 za kileo kitupu. Hiyo ni zaidi ya bia nne za nusu lita zenye asilimia 4.2. Ini lako halisomi karatasi ya chupa.

Kuhusu kemikali, anachanganya mambo mawili, shamba na pishi. Shambani, hata mkulima mwenye cheti cha kilimo hai huruhusiwa kupiga mrututu, dawa ya shaba, dhidi ya ukungu wa majani. Ulaya inampimia kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, na sehemu zenye unyevu kama kule Loire kuna miaka anauhitaji kweli. Anachokataa ni dawa za kuua magugu na sumu za kiwandani, naye hulipia kukataa huko kwa jembe na mgongo. Mwezi wa Aprili 2021 baridi ya usiku ilichoma machipukizi sehemu nyingi za Ufaransa, na mwenye hekta chache hakuwa na shamba la pili la kukimbilia.

Pishini ndiko kwenye ugomvi wa salfaiti. Mvinyo mweupe mkavu wa kawaida, kwa sheria za Ulaya, unaweza kubeba hadi miligramu 200 kwa lita. Wa kilimo hai, 150. Kwa miaka mingi neno “asili” lilikuwa la kila mwenye mdomo, hadi mwaka 2020 Ufaransa ilipoikubali alama ya *Vin Méthode Nature*: zabibu za kilimo hai zilizochumwa kwa mkono, hamira ya shambani mwenyewe, na salfaiti isiyozidi miligramu 30. Angalia: isiyozidi, si sifuri. Hamira yenyewe hutengeneza kidogo ikiwa kazini, na ikipita miligramu 10 lazima iandikwe kwenye chupa. Wenye pumu ndio hasa wa kuitazama. Wewe unayeumwa kichwa, hesabu kwanza gilasi ulizokunywa na maji uliyoyasahau.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 1924 mwanafalsafa Rudolf Steiner alitoa mihadhara ya kilimo ambayo wafuasi wake wanaifuata hadi leo: samadi ya ng’ombe hushindiliwa ndani ya pembe, pembe huzikwa majira ya baridi, kisha hufukuliwa na kilichomo kikakorogwa majini na kunyunyizwa shambani. Mgiriama akisikia pembe imezikwa shambani, swali lake la kwanza ni imemlenga nani. Lakini nimekutana na mvinyo wa Nicolas Joly, aliyeacha kazi ya benki akarudi kwenye shamba la mama yake huko Savennières. Shamba hilo, Coulée de Serrant, ni hekta 7 tu, na watawa walipanda mizabibu hapo mwaka 1130. Wageni waliufungua jioni moja, wakanionjesha, nikauona mgumu, umejifunga kama kaimu wa kijiji. Kesho yake mchana, kilichobaki chupani kilikuwa kitu kingine kabisa: asali bila utamu, papai bivu, na ukali uleule ukiwa umesimama wima nyuma yake. Mwenyewe Joly hushauri ufunguliwe siku nzima kabla. Sijui kama ni pembe au ni mtu anayelizungukia shamba lake kila siku. Mimi naegemea kwa mtu.

Sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba kila chenye ukungu ni johari. Waliotangulia kwenye njia hii hawakuwa wazembe. Jules Chauvet wa Beaujolais, Ufaransa, aliyezaliwa 1907 na kufa 1989, ambaye wengi humwita baba wa mvinyo wa asili, alikuwa mwanakemia. Aliacha salfa kwa sababu alizijua hamira zake kwa hadubini. Siku hizi yupo kijana anayeharibu pipa, akalichorea karatasi ya kuchekesha na kuliuza ghali kwa jina la asili. Wazee walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa Loire ni mgema tu. Babangu alikuwa akiosha vibuyu vyake kwa maji ya moto na kuvifukiza kila siku, kwa sababu tembo lisilotiwa kitu halina pa kuuficha uchafu.

*Assalaam alaykum mzee. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni Nyali. Ni Muislamu na siuonji mvinyo. Wageni wananiletea chupa nipikie kamba, na wengine hufungua halafu huniuliza kama bado ni mzima. Nitajuaje bila kuonja? Na ni kweli kileo chote huishia jikoni?*
Mpishi, Nyali

Wa alaykum salaam, fundi. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo zito. Si kweli. Kitoweo kilichotiwa mvinyo kikachemka dakika 15 hubakiwa na kama asilimia 40 ya kileo chake. Kikichemka saa nzima bado hubaki robo. Kuuwasha moto wa mbwembwe mbele ya wageni hupunguza kidogo tu. Hukumu yake si ya safu hii, muulize sheikh wako, ila umuulize ukiwa na hesabu hizo mkononi. Na kama utaamua kutoutia, mvinyo mkavu ndani ya kamba unafanya kazi mbili tu: unaleta uchachu na unaleta maji ya kukwangua sufuria. Chemsha vichwa na maganda ya kamba kwa kitunguu na kotmiri, chuja, ongeza ndimu mwishoni kabisa ukiwa umeshaepua. Nimeila hivyo kwa rafiki yangu mmoja wa Mji wa Kale, na mchuzi ule sikuuona una pengo.

Kuhusu uzima wake, macho na pua vitakufikisha mbali. Rangi: mweupe mkavu huwa wa majani makavu au dhahabu hafifu, ukiwa kama chai ya rangi na haikuandikwa kwamba ndivyo ulivyokusudiwa, hewa au joto limeupata. Ukungu na chembe nyeupe, usivihofu, soma aibu yangu hapo juu. Mashapo ya hudhurungi yaliyoganda kama chai kavu si kosa pia.

Pua: mimina robo ya gilasi, izungushe, nusa mara moja fupi halafu ngoja. Harufu ya kijiti cha kiberiti au yai lililochemshwa ni ya mvinyo uliobanwa bila hewa. Uache wazi nusu saa, mara nyingi huondoka. Harufu ya siki ikizidi, au ya rangi ya kucha, huo unaelekea kule tembo la kesho linakoelekea na haurudi. Kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo, au boksi lililonyeshewa: hapo kosa ni la kizibo, na halina uhusiano na uasili wala umri. Hilo lipeleke kwa mgeni bila woga.

Kuna kasoro moja tu ambayo pua yako haitaikamata, na hutokea zaidi kwenye mvinyo usiotiwa salfaiti. Wafaransa huiita *souris*, panya. Chupani hainuki kabisa, kwa sababu ukali wa mvinyo unaibana. Mtu akishameza, mate yanapoupunguza ukali huo, ndipo kinywa chote kinapojaa harufu ya kizimba cha panya, na wapo watu wasioisikia kamwe. Kwa hiyo mgeni akikuuliza, mwambie wazi: kwa rangi na kwa harufu ni mzima, la ulimi ni lako, bwana. Hiyo ni kauli ya mtu anayeijua kazi yake. Nimewaona wahudumu wanywaji wakubwa wakiapa juu ya chupa ambazo hata hawakuzinusa.

Jambo la mwisho kwako. Mwajiri wako akiagiza katoni, mwombe asiirundike stoo ya kufulia. Hoteli yangu ile ya zamani ilikuwa na ukuta mmoja kati ya mvinyo na mashine za kukaushia mashuka. Nililalamika, nikaambiwa ukuta ni mnene. Ilipofika Pasaka vizibo vilikuwa vimeinuka kama uyoga.

*Je, chupa tupu ya mvinyo inafaa kuwekea siki ya mnazi? Naona zinatupwa tu.*
Bibi wa Likoni

Inafaa sana, bibi, hasa ile ya kijani, maana inazuia jua. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni, iache ikauke kichwa chini usiku kucha. Usiijaze, bakisha vidole vinne. Na mnazi ukiwa bado unachemka wenyewe usiutie kizibo. Funga mdomo kwa kitambaa cheupe na uzi, wiki tatu au nne, hadi ukinusa ukurudishe kichwa nyuma. Mjukuu wangu aliziba mapema, na dari yetu bado ina alama.